Kishikio Chembamba cha Bunduki ya Baba

Visalia, California
11 Machi 2019

Dada Verla,

Nimefika salama. Janelle binti yangu amenipa chumba cha nyuma kinachotazama michungwa ya jirani. Asubuhi ukungu unalala juu ya miti mpaka jua lipande, kama shuka ambalo hakuna aliyekumbuka kulitandua. Milima iko mbali, na siku nyingi haionekani. Siku ya kwanza niligeuka kila upande kuitafuta, nikajiona mjinga. Mtu aliyekulia Salmon, mlima umemsimamia mlangoni maisha yake yote, akiwekwa kwenye tambarare hajui ayaegemeze wapi macho. Lakini mwanangu hakutaka niendelee kukaa peke yangu baada ya kumzika mama yake, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana.

Simu usipige. Masikio yangu unayajua, milio ya risasi imeyamaliza, na kwenye simu nasikia nyuki tu. Andika, kama Mama alivyotufundisha.

Sasa shida yangu. Unakumbuka kwamba bunduki ya Baba nilikuja nayo, kwa kuwa ni yangu mpaka Oktoba. (Ilikuwa yangu na Oktoba iliyopita. Na ile ya kabla yake. Nisiendelee, utalia.) Kabla ya kuvuka mpaka nilipita kwenye duka moja Nevada, na muuzaji akaniambia kwamba California hawaruhusu bunduki ya namna hii, inayojipakia yenyewe na yenye magazini ya risasi ya kuchomoa, iwe na kishikio kama cha bastola. Akakifungua kishikio cha Baba, kile cha mti wa jozi, akafunga mahali pake bati la plastiki lililosimama kama pezi la samaki. Kazi ya pezi ni moja tu: kukizuia kidole gumba kisizunguke. Mkono mzima unabaki upande mmoja, wazi, kama wa mtu anayeomba chumvi. Akaniambia nisithubutu kulitoa.

Na gumba langu unalijua. Daktari alikigandisha kiungo baada ya yabisi kukila, na sasa kimesimama wima daima kama cha mtu anayesimamisha lori barabarani. Nikishika kwa pezi, bunduki inanitoka. Kishikio cha Baba nimekitia kwenye soksi sandukuni. Hata hicho hakinifai tena, kimejaa mno.

Wewe uko karibu na maonyesho ya bunduki ya Idaho Falls, na umekaa karani wa mahakama mpaka umezeekea pale. Nitafutie kishikio kinachofaa, na unitazamie sheria inasemaje. Muuza duka ni muuza duka, lakini wewe nakuamini.

Mdogo wako,
Orval


Salmon, Idaho
2 Aprili 2019

Orval mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena kuhakikisha kwamba nimeona nilichoona.

Unataka kubadilisha kishikio.

Ngoja nikukumbushe, maana masikio yamekufa na huenda kumbukumbu imeyafuata. Baba aliiunda bunduki ile kipande kwa kipande juu ya meza ya jikoni, na kishikio akakichonga kwa kiganja chake mwenyewe, kiganja cha mtu wa mgodini. Alipokaribia kufa akatuwekea utaratibu: kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba twende wote wawili machimbo ya kokoto, tupige sahani ya chuma kwa bunduki hiyo hiyo. Atakayeiliza sahani anaondoka na bunduki mpaka mwaka unaofuata. Anayekosa anapika.

Nimekupikia wewe tangu nywele zangu zikiwa nyekundu.

Mkono wangu haukizunguki kile kishikio, unajua. Ili kidole changu kifike kwenye kifyatulio lazima niupeleke mkono wote upande, na hapo ncha ya kidole tu ndiyo inagusa. Nikivuta, mtutu unakwenda kushoto. Sahani inabaki inanitazama. Nilimwomba Baba, akiwa bado anakula mwenyewe, anikubalie kishikio chembamba, kitu cha skrubu moja, kinatoka na kurudi. Baba akakutazama wewe. Wewe ukasema, na mdomo umejaa viazi: "Bunduki ya kina Jenks haikatwi kwa kipimo cha mtu. Mtu ndiye ajikate." Baba akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo mkaniita Kidole. Mume wangu, Mungu amrehemu, naye akalidaka jina hilo. Hata mahakamani wakalizoea: "Kidole, lete faili."

Leo mkono ulioharibika ni wako, na bunduki imekuwa kitu cha kubadilishwa.

Sawa. Nitakwenda Idaho Falls. Weka mkono wako wa kulia juu ya karatasi, uchore pembeni mwake kwa penseli, na unipimie kutoka kwenye panda ya gumba, pale linapoachana na vidole, mpaka ncha ya kidole cha shahada. Sheria nitaisoma. Kusoma nilikuwa najua hata kabla hujazaliwa.

Dada yako,
Verla


Visalia
15 Aprili 2019

Dada Kidole,

Usinune. Mchoro wa mkono huu hapa. Janelle ndiye aliyeshika penseli, akasema gumba langu linafanana na mkia wa paka aliyekasirika.

Ndiyo, nilisema maneno yale. Nilikuwa kijana na viazi vilikuwa vitamu. Baba amekufa, na utaratibu wake umekufa naye, isipokuwa ule wa sahani. Huo nautaka uishi. Ndicho kitu pekee kinachonirudisha nyumbani. Watu wa hapa ni wazuri, wananisalimia, wananiletea machungwa mpaka yanaoza, lakini hakuna hata mmoja aliyemjua Baba. Nikisema "machimbo ya kokoto" wanadhani nazungumzia kazi.

Unapochagua, usichague kwa macho. Wewe hupenda vitu vinavyong'aa. Tazama mteremko kwanza. Kishikio cha Baba kinalala nyuma sana, mtindo wa zamani. Ukiinama kulenga, kiwiko kinapaa kama bawa la bata. Siku hizi wanatengeneza vilivyosimama, mkono unakaa karibu na kifua. Tazama pia kama nyuma, pale juu, kinapanda vizuri kuijaza panda ya gumba, la sivyo bunduki ikirudi nyuma inakukwaruza. Na vile vyenye mabonde ya vidole viache vyote. Aliyechonga mabonde yale alipima vidole vyake mwenyewe.

Halafu nichoree na wa kwako. Mkono wako. Nitaubandika ukutani juu ya kitanda, niwe nacheka kabla ya kulala.

Orval


Salmon
20 Mei 2019

Orval,

Nimekwenda, nimerudi, mgongo umenikataa siku mbili. Kwenye ukumbi wa maonyesho kila muuzaji aliniuliza kishikio ni cha mume wangu au cha mwanangu. Mmoja akaniambia, "Mama, hii ya waridi je?" Nikamwambia aifungie bibi yake.

Kwenye mfuko huu viko vitatu. Jaribu vyote, utakachokipenda ubaki nacho, vingine unirudishie, nimeelewana na muuzaji.

Cha kwanza ni kipana, kimevikwa mpira. Kimesimama kama ulivyotaka na nyuma kinapanda vizuri. Ukiwa na jasho hakitelezi. Huyu muuzaji mwenyewe ana yabisi na ndicho anachotumia. Kwa mkono wako, kama nina macho, ni hiki.

Cha pili ni kipana vilevile lakini kigumu, na ubavuni kina uvimbe mdogo wa kujaza kiganja. Kina mikwaruzo kama ulimi wa ng'ombe.

Cha tatu ni chembamba. Sijui kwa nini nimekitia. Kilikuwa mwisho wa meza, hakuna aliyekigusa, nikakishika na kidole changu kikafika. Kikafika chote, mpaka kiungo cha kwanza kikalala pale kinapopaswa kulala. Nilisimama nacho muda mrefu, muuzaji akaniuliza kama naumwa. Kitazame tu, halafu ukirudishe.

Kuhusu sheria. Nimeisoma. Sheria ya California ina mwaka wake wa kuzaliwa na bunduki ya Baba ina wake, na bunduki ndiyo mkubwa. Kilichokuwapo kabla ya sheria, sheria haikigusi. Pezi hilo ni la bunduki za madukani leo. Litoe, funga kishikio chako, na ufanye mazoezi huko huko bila wasiwasi. Usiende kuuliza dukani, watakachotaka ni kukuuzia pezi jingine. Na barua hii ukishaisoma usiiweke. Nyumba ya mwanao ni ndogo, na wewe na makaratasi yako mtamjazia mchwa.

Mchoro wa mkono wangu huo hapo kwenye karatasi ya peke yake. Cheka.

Verla


Visalia
9 Juni 2019

Dada,

Mfuko umefika, na siku nzima nimekuwa kama mtoto wa Krismasi.

Kile cha mpira ni kizuri kweli. Nilikishika, gumba langu bovu likapata mahali pa kupumzika, hata maumivu yakanyamaza. Muuzaji wako ana akili. Kile chenye ulimi wa ng'ombe kilinichuna ngozi, lakini kwa baridi ya Oktoba, mtu akiwa na glovu, kingefaa.

Nimevirudisha vyote viwili. Utavikuta posta.

Nimebaki na chembamba. Usiniulize, utajua Oktoba. Nimekikwangua kidogo kwa tupa, nikakimalizia kwa msasa, na juzi nimekifunga. Hutaamini raha niliyoipata kulifungua pezi lile na kulitupa kwenye pipa la Janelle. Yeye aliniuliza, "Baba, una hakika na hilo?" Nikamwambia shangazi yako ameisoma sheria, na shangazi yako hajawahi kukosea hata nukta.

Barua yako nimeichoma, kama ulivyoagiza. Mchoro wa mkono nimeubakiza, niliukata nikaubandika ukutani. Ni mkono mdogo kweli, Kidole. Ni kama wa mtoto wa shule aliyeinua mkono na mwalimu hakumwona.

Kilichobaki ni kwenda uwanja wa shabaha kuona kama skrubu inalegea ikipigwa. Kifaa kipya hakiaminiki mpaka kimepigiwa risasi.

Orval


Salmon
17 Juni 2019

Orval,

Viwili vimefika.

Nilidhani nimekuzoea. Nilikupelekea kile cha tatu kwa bahati mbaya, kwa udhaifu wa dakika moja ya mwanamke mzee mwisho wa meza, nikakuambia ukitazame tu. Na wewe, mwenye kiganja kama koleo, ukakiacha kinachokufaa ukachukua hicho. Hata hicho. Sijui unafanyaje kuinusa kila mahali sehemu inayoniuma ukaikalia.

Basi, kifurahie. Nenda uwanja wa shabaha. Ila usiende siku ya katikati ya juma ukajifungia pembeni kama mwizi. Nenda Nne ya Julai, sikukuu ya uhuru, uwanja ukiwa umejaa, simama meza ya mbele uwaonyeshe Wakalifornia kazi ya Baba. Bunduki kama ile haifichwi.

Verla


Visalia
12 Julai 2019

Shangazi Verla, shikamoo,

Ni mimi, Janelle. Nimekupigia mara nyingi hupokei, kwa hiyo nafuata utaratibu wenu wa barua.

Baba alikamatwa tarehe nne. Alikwenda uwanjani asubuhi, akachagua meza ya mbele, akawa anawaonyesha watu bunduki ya Babu na kuwahadithia habari za Salmon. Kulikuwa na askari wawili waliokuja kupiga shabaha siku ya mapumziko. Mmoja akakitazama kishikio. Wakatoka nje, wakarudi na wenzao waliovaa sare.

Shangazi, walimwambia aiweke chini bunduki. Walimwambia kwa nyuma. Alikuwa amevaa vikinga masikio juu ya masikio yale yale uyajuayo. Mtu aliyekuwa meza ya pili amenisimulia kwamba Baba alikuwa anatabasamu, anapangusa kishikio kwa kitambaa, na jinsi walivyozidi kupiga kelele ndivyo yeye alivyozidi kupangusa. Halafu akageuka, nayo iko mkononi, awaulize kama wanataka kujaribu. Hawakumpiga risasi. Watu wote wananiambia nishukuru kwa hilo. Walimrukia. Wamemvunja kifundo cha mkono wa kushoto, ule mzima, na mfupa wa shavu umepasuka.

Nimemtoa kwa dhamana. Anakula kwa kijiko, mimi ndiye namlisha, kwa sababu mkono mmoja una bandeji na mwingine una gumba lile.

Wanasema bunduki ile ilivyofungwa ni kosa la jinai. Nimewaeleza kwamba ni ya zamani. Wakili akanitazama kwa huruma, akasema uzee wa bunduki si kitu. Aliyetoka nje ya jimbo haingizi bunduki ya namna hiyo, iwe ya jana au ya babu yake. Akasema ingetosha kabisa Baba asubiri akifunge kishikio akishafika Idaho.

Baba anasema wewe ulisoma ukamwambia iko sawa. Barua anasema ameichoma. Wakili anasema kama una nakala, au kama utaandika tu kwamba ulimshauri hivyo, jaji anaweza kumwonea huruma, mzee asiye na kosa lolote maishani. Tafadhali shangazi. Mistari miwili tu.

Janelle


Salmon
22 Julai 2019

Janelle mwanangu,

Marahaba. Nimesikitika sana. Mpe baba yako supu, asililalie shavu lile.

Nakala sina. Sikumbuki kuandika habari za sheria yoyote. Ninachokumbuka ni kwamba yeye aliniambia muuza duka wa Nevada alimkataza kulitoa pezi, na barua hiyo ya mkono wake ninayo. Nisingependa kuwapelekea watu wa mahakama jambo litakalomwonyesha kwamba alijua. Nimekaa mahakamani, najua karatasi inavyoweza kumgeukia mtu. Kwa hiyo ni heri mimi ninyamaze.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi kwa huzuni mnaweza kulisahau. Baba yako akitiwa hatiani hataruhusiwa tena kuwa na silaha. Bunduki ile si yake, ni ya ukoo, na katika ukoo nimebaki mimi. Mwambie wakili aombe mapema ikabidhiwe kwangu kupitia duka la hapa Salmon. Nimekwishazungumza nao, wako tayari kuipokea. Ifungwe kama ilivyo, na kishikio chake hicho hicho.

Shangazi yako,
Verla


Visalia
24 Septemba 2019

Dada Verla,

Bandeji imetoka. Kwa mwandiko huu utaniwia radhi.

Nilikiri. Wakili alisema nikibishana itachukua mwaka, na mimi mwaka sitaki kuutumia hivyo. Sikufungwa. Nimeandikwa mhalifu, na sitagusa bunduki mpaka nife. Janelle hataruhusiwa kuwa nayo katika nyumba ninayolala. Mambo madogo.

Ulimwuliza Janelle habari za bunduki, nami nakujibu mwenyewe. Wakili aliomba ipelekwe kwako. Jaji alikataa. Silaha ya namna hiyo ikishatajwa kwenye kosa hairudishwi kwa mtu yeyote, awe ndugu, awe duka. Inakatwa. Ilikatwa Jumanne iliyopita. Nilimwomba askari mmoja aniambie wanavyofanya, naye, kijana mpole, akaniambia: moto wa gesi, mtutu mara tatu, mwili mara mbili, halafu vinakwenda kwenye tanuru pamoja na visu na mabomba. Plastiki inayeyuka kwanza, akasema.

Sasa sikiliza habari za kishikio, kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma, na hiki hukukisoma.

Mtu mwenye gumba lililogandishwa atafanya nini na kishikio chembamba? Nilikuandikia mwenyewe kwamba kile cha mpira kiliyanyamazisha maumivu yangu. Nikakirudisha. Hukujiuliza? Mkono wangu umekwisha, Verla. Nilijua tangu Aprili. Nilipoomba mchoro wako nilikuwa bado sijaamua, nilitaka kucheka kweli. Halafu ukaandika kwamba kidole chako kilifika, ukasimama mpaka muuzaji akadhani unaumwa. Nikausoma mstari huo mara nyingi kabla sijaichoma barua.

Niliulaza mchoro wako juu ya meza ya Janelle, nikakikwangua kishikio kile kuufuata. Upande mmoja tu, kwa sababu wewe huwa unazungusha mkono, nimekutazama ukikosa miaka yote, naujua mkono wako kuliko wewe. Nilikwenda uwanjani kukipigia risasi ili skrubu isije ikalegea siku yako. Oktoba ningekupa bunduki wewe upige kwanza. Ungeiliza sahani. Na mimi ningesimama pale nikakutukana kwa mara ya mwisho, halafu ningepika.

Siandiki haya kukusamehe. Ningetaka kukusamehe ningenyamaza, nikuache uamini kwamba nilikuibia hata hicho. Naandika ili ujue ulichokikata.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vitu viwili. Cha kwanza ni mchoro wa mkono wako, ukuta wangu hauuhitaji. Cha pili kilikuwa sandukuni ndani ya soksi, askari walikitazama wakakiacha, kipande cha mti chenye tundu la skrubu hakina kosa. Ni kishikio cha Baba. Ndicho kilichobaki cha bunduki nzima, na katika ukoo umebaki wewe.

Kishike. Uone kama kinakuenea.

Orval


Salmon
7 Oktoba 2019

Orval,

Jumamosi nilikwenda machimbo. Jirani yangu, Thayne, aliniazima bunduki yake, kishikio chake ni cha kawaida tu. Sahani imeota kutu pembeni. Nilipiga ikalia. Nikapiga tena ikalia. Nilisimama nikisubiri, sijui nilikuwa nasubiri nini, kisha Thayne akauliza kama tumemaliza maana ana ng'ombe wa kulisha. Nilikuwa nimepika viazi kwa jibini, mkono ulikwenda wenyewe. Nimempa yeye.

Cha Baba kiko mezani. Sijakigusa tangu nilipokifungua. Si kweli. Nimekigusa. Vidole havikutani.

Jana nilirudi Idaho Falls. Muuzaji yule yule, meza ile ile, alikuwa bado anavyo vile vyembamba, vimejaa sandukuni, anasema hakuna anayevinunua. Nimenunua kimoja. Nimenunua na tupa. Mchoro wa mkono wangu nimeulaza chini yake kama ulivyosema, lakini mchoro hauonyeshi ni wapi panatolewa, na nimeogopa kuanza kwa sababu kikishatolewa hakirudi. Bunduki ya kukifunga sina, najua. Sihitaji unikumbushe. Nataka tu kukishika kikiwa sawa, jioni moja, nikiwa nimekaa.

Wewe uliukwangua upande mmoja. Hukusema upi.

Sikuombi kitu kingine. Janelle akinichukia ana haki yake. Niambie tu ni upande gani, na kwa kina gani, kama unakumbuka.

Verla


Visalia
16 Oktoba 2019

Dada Verla,

Nakumbuka vizuri.

Orval